Sare ya Kitenge Kwenye Mbio za Makasia

Enzi zetu hapa Brussels, mtoto mmoja akialikwa mahali, nyumba nzima iliogeshwa. Leo kijana anakwenda kwenye arusi ya mjomba wake na suruali iliyochanika magotini, tena kainunua hivyohivyo dukani. Haya bwana.

Nakumbuka mwaka ule dada yangu Rehema, aliyekuwa akipiga makasia na timu ya shule yake kule Uccle, alipochaguliwa kwenda kushindana Uingereza. Ikaja barua ya masharti ya mavazi kwa watazamaji. Wanaume koti na tai, na koti halivuliwi mpaka wakubwa watangaze ruhusa, hata jua liwake vipi. Wanawake gauni lipite magoti, suruali marufuku. Atakayekosea anabaki getini. Baba alikuwa dereva, hata siku moja hajawahi kupata nafasi ya kumwona Rehema majini. Aliisoma barua ile mara tatu, akasema, "Mama Rehema, tusije tukafika kote huko tukaishia getini."

Sasa Mama ni mtu wa Tanga. Kwake shughuli bila sare si shughuli. Akanunua kitenge cha mistari ya kijani na njano, akampelekea fundi mmoja wa Lubumbashi pale Matonge, mtaa wa Wakongo hapahapa Brussels. Gauni lake mpaka vifundoni, langu vilevile, na koti la Baba kitambaa hichohicho. Fundi alikata huku akicheka. "Alors, maman, bazungu bote batakuangalia!"

Na kweli walituangalia. Loo, mahali pale! Nyasi utadhani zulia, kofia za akina mama pana kama sinia, na wazee wazima ndani ya makoti ya mistari, mengine yamefifia na kutoboka viwiko, nao wanatembea kifua mbele. Nilibaki mdomo wazi. Hatukujua kwamba kila aina ya mistari ni rangi za klabu fulani, haivaliwi kwa kupenda tu. Mlinzi wa getini alilitazama koti la Baba, akamwita mzee mmoja wa wale. Mzee akauliza kwa adabu, "Samahani bwana, hii ni klabu gani?"

Baba, jasho likimtiririka, akajibu, "Ya mke wangu."

Mzee akavua kofia, akampa Mama mkono, tukaingia.

Timu ya Rehema ilishika mkia. Lakini ilipopita mbele yetu, watu wote wakipiga makofi ya taratibu, Mama akasahau ustaarabu wote, akapiga vigelegele. Rehema akageuza shingo, akatuona, akacheka huku anavuta kasia. Baba alilia palepale mbele za watu, wala hakujificha.

Siku hizi binti wa Rehema naye anapiga makasia, hapahapa kwenye mfereji mkubwa wa meli. Juzi alikuwa na mashindano, nikamtazama kwenye simu nyumbani Auderghem, nimevaa nguo za kulala. Jioni akanipigia.

"Mama mdogo, uliniona?"

"Nilikuona, mwanangu. Vizuri kabisa."

"Mimi sikukuona."