Kioo Kilichobabuka

Gari langu la kwanza nililinunua kwa mwalimu mstaafu, mwaka niliohamishiwa Tukuyu kufanya kazi ya unesi. Lilikuwa la zamani lakini zima, isipokuwa kioo cha ndani cha kuangalizia nyuma. Rangi yake ya fedha ilikuwa imebabuka, katikati pamebaki doa jeusi, na shingo yake imelegea, hata gari likipita kwenye shimo kioo kinainama chenyewe. Nilikibana kwa karatasi iliyokunjwa nikaendelea na safari zangu. Kila wiki nilisema nitakitengeneza.

Siku moja ya soko huko Mpuguso, mvua ikinyunya, nilirudisha gari nyuma ili nitoke kati ya meza za ndizi na parachichi. Nikasikia bodi ya gari ikipigwa kwa kiganja. Niliposhuka nilimkuta bibi mmoja ameketi kwenye tope, kikapu kimepinduka, mguu mmoja ameushika.

Sikumuuliza kama ameumia. Nilisema, kwa sauti iliyosikika meza zote, "Bibi, huoni gari linarudi? Unataka kunitafutia kesi?"

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Masikio yangu ndiyo mabovu."

Muuza parachichi mmoja, mwanamume wa makamo, alimnyanyua. Kisha akachungulia ndani ya gari langu, akakitazama kile kioo, akaniuliza taratibu, "Nesi, humu huwa unaona nini?"

Nilipanda gari nikaondoka. Mimi, ambaye kazi yangu ni kushika miguu ya watu na kuuliza panauma wapi.

Kesho yake nilikifungua kioo. Niliiloweka fremu kwenye maji ya moto mpaka plastiki ikalainika, nikabandua kioo cha zamani, nikachora umbo lake kwenye karatasi. Fundi vioo wa mtaa wa Bagamoyo, pale pale Tukuyu mjini, alinikatia kipya kwa kufuata ile karatasi, akasugua kingo zisikate. Nikakibandika kwa gundi, nikakaza skrubu ya shingo. Kazi yote haikufika nusu siku. Nilipokirudisha na kukaa kwenye usukani, niliona kiti cha nyuma, geti, na kuku wa jirani akivuka barabara mbali kabisa.

Siku ya soko iliyofuata bibi hakuja. Yule muuza parachichi alinielekeza nyumbani kwa bibi, kijijini Kinyala. Nilimkuta jikoni na binti yake, mguu umefungwa kipande cha kanga. Nilikipapasa kifundo, kilikuwa kimevimba sana, ila mfupa ulikuwa mzima. Nikaufunga upya kwa bandeji, na nikiwa bado nimeinama nikamwambia ukweli: kosa lilikuwa langu, kioo kilikuwa kibovu na nilijua siku nyingi.

"Sasa umekitengeneza?" aliuliza.

"Nimekitengeneza, bibi."

"Basi yameisha. Kula ndizi."

Nilikula. Binti yake ndiye aliyenisindikiza hadi kwenye gari.

"Nesi," alisema, "kumfokea ulimfokea mbele za watu. Msamaha umekuja kuuomba jikoni."

Siku mbili za soko zilipita nikinunua ndizi kwingine. Ya tatu nilikwenda Mpuguso, nikasimama mbele ya zile meza, nikasema yule bibi hakuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyekuwa sioni nyuma, na nilijua. Wanawake wawili walinitazama, mmoja akaitikia kwa kichwa, wakarudi kwenye biashara yao. Muuza parachichi akasema, "Tumesikia, nesi."

Bibi hakurudi sokoni msimu ule. Binti yake ndiye aliyekuja na kikapu. Nilipomuuliza mguu wa mama unaendeleaje, alisema, "Anatembea kwa fimbo," akaendelea kupanga ndizi zake bila kunitazama.