Kura Iliangukia Nyumba Namba Kumi na Nne

Bosi wangu tulimwita Asilimia. Yeye mwenyewe alijua, wala hakukasirika hata siku moja. Ukimuuliza asubuhi, "Mzee, umeamkaje?" anakujibu, "Asilimia tisini. Hiyo kumi ni goti."

Mimi nilikuwa mhakiki wake. Kazi yangu ni kuvaa viatu visivyobana na kugonga milango ya watu, kuangalia kama walichojaza kwenye fomu ndicho kilichopo. Kazi yake ilikuwa kuzichukua fomu hizo, akazichanganya na takwimu za maji, za taa za barabarani, za umbali wa zahanati na za malalamiko ya kelele, kisha kila mwaka akatoa kijitabu cha kuonyesha ni mtaa upi katika mji wetu huu wa pembezoni mwa jiji unaofaa kuishi kuliko mingine. Mtu akitaka kuhamia huku, anakisoma kwanza.

Miaka sita mfululizo, wa kwanza ulikuwa mtaa wa juu, anakoishi yeye. Mtaa wa bondeni, ninakoishi mimi na mume wangu na watoto wanne na mama mkwe na redio ya jirani, ulishika mkia. Nisiseme uongo, wivu ulinikaba.

"Mzee, unajipendelea," nilimtania.

"Lete takwimu, bibie. Maneno matupu hayavunji mfupa."

Na kwenye takwimu mzee hakuwa na mzaha. Mwaka mmoja niliihesabu stoo ya mtu kuwa ni chumba. Alinirudisha kwenda kuhesabu upya, na mvua inanyesha! Nilirudi nimelowa chapachapa, nimevimba kwa hasira, naye akanipa taulo na kuniambia, "Takwimu chafu ni uongo uliofunga tai." Karani mmoja aliyejaza fomu za kubuni alimfukuzisha kazi palepale. Kanuni aliiandika yeye: anayedanganya kwenye fomu, awe nani, aondoke.

Mara moja nilithubutu kumshauri. "Mbona hatuwaulizi watu kama wana mtu wa kuzungumza naye?"

Akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Hilo utalipima kwa rula?"

Sasa, kila mwaka tunapiga kura ya nyumba za kuhakiki. Vikaratasi vinatiwa kwenye ndoo, yeye anafumba macho na kuchota mbele ya mashahidi. Mwaka huo alichota cha kwanza, akakifungua, akakikazia macho. Nikachungulia. Mtaa wa juu, nyumba namba kumi na nne. Nyumba yake.

"Rudisha, mzee, chukua kingine," nikasema.

"Kura haina mjomba," akasema. Lakini sauti ilikuwa ndogo. "Njoo Alhamisi, saa tisa."

Nilikwenda nikiwa na raha zangu, nikidhani naenda kunywa chai ya bure. Jamani, mtaa wa juu! Kituo cha basi, hatua mia mbili na kumi. Taa zote nzima. Bomba la kona ukiligusa tu, maji yanaruka. Na kimya. Nilitembea barabara nzima sikusikia hata kikohozi. Kila kilichoandikwa kwenye kijitabu kilikuwa kweli.

Alifungua mlango kabla sijagonga. Fomu yake ninayo mkononi: vyumba vitano, wanaolala humo watano. Mtu mmoja chumba kimoja, alama zote. Nikaanza kazi kama alivyonifundisha mwenyewe. Chumba cha kwanza, kitanda kimetandikwa, vumbi juu ya mto. Cha pili hivyohivyo. Bafuni mswaki mmoja. Jikoni, kwenye kichanja cha vyombo, sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wahenga walijua.

Mkewe tulimzika sote, miaka minne iliyopita. Binti yake mkubwa ameolewa ng'ambo, wa kati anafanya kazi mbali, kitinda mimba alikwenda kusoma akakaa hukohuko. Haya yote nilikuwa nayajua. Ila kujua ni kitu kimoja, na kuona kijiko kimoja ni kitu kingine.

"Mzee, hapa panalala wangapi?"

"Si nimeandika."

"Umemhesabu mpaka marehemu?"

Akaketi. "Nilitaka kuandika moja. Kalamu ikagoma. Nikamaliza fomu yote, nikarudi pale, ikagoma tena. Nikaandika tano kama mwaka wa jana."

"Na mwaka wa jana?"

"Kama mwaka wa juzi."

Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Alibakiza miezi kumi na minne astaafu. Alikwenda kuchemsha chai, na tangu hapo hakuniachia. Kila nikishika mkoba, anakumbuka jambo: jinsi kitinda mimba alivyoogopa bomba likikoroma, jinsi mkewe alivyokuwa akificha sukari na kuisahau alikoificha. Tulicheka. Nilitoka saa kumi na mbili, na hapo mlangoni, yeye akinipungia mkono, niliandika: Imehakikiwa, watano. Uongo wangu wa kwanza katika miaka kumi na mmoja ya kazi, na sikuujutia hata chembe.

Asubuhi niliichomeka fomu katikati ya rundo. Mjinga mimi! Yule mtu anasoma mpaka nyuma ya karatasi. Niliona kalamu nyekundu ikienda, ikasimama. Akakata tano, akaandika moja, akatia sahihi.

"Mzee, watakufukuza!"

"Asilimia mia," akasema. "Na jina lako lisionekane hapa. Umenielewa?" Akavuta karatasi safi, akamwandikia mkurugenzi barua. Safari hii kalamu haikugoma.

Mkurugenzi alimpa mpaka mwisho wa mwezi. Siku ya mwisho aliondoka na sanduku moja na rula yake, akanishika mkono, akaenda zake kituoni. Nilikasirika na kila mtu, na ndoo ile niliipiga teke.

Wiki iliyofuata nilikuwa napanga faili zake. Nikakuta fomu ya mwaka ujao aliyokuwa akiiandaa, tarehe yake ni ile asubuhi baada ya mimi kwenda kwake. Kwa kawaida yake, kila swali jipya alijijaribia mwenyewe kwanza. Chini kabisa, kwa mwandiko wake, alikuwa ameongeza swali langu.

Je, jana kuna mtu aliyeingia nyumbani kwako mkazungumza? Ametia alama: Ndiyo.

Nani? Ameandika: Mhakiki.

Kabla ya huyo, ni lini?

Hapo hakuandika kitu. Mtu aliyenirudisha kwenye mvua kwa sababu ya stoo moja ameacha nafasi tupu.

Nililia palepale, makarani wananitazama. Kisha nikachukua mkoba, nikapanda mtaa wa juu, nikagonga namba kumi na nne, mikono mitupu, sina hata fomu.