Mkanda wa Kuazima

Fundi wa lifti hakuwa mtu mbaya. Tukubaliane hilo mapema, maana kwa aliyoyafanya ugenini utataka kumsema, na wa kumsema tayari yupo, ni yeye mwenyewe.

Kampuni ilikuwa imempeleka nje ya nchi kujifunza lifti za kisasa. Mchana alishinda darasani au ndani ya mashimo ya lifti, jioni anarudi kwenye chumba cha kupanga chenye kitanda, birika na dirisha linalotazama ukuta. Upweke ulimtafuna kwelikweli. Jioni moja alipokuwa akipita karibu na ukumbi wa shule, akasikia kishindo cha mtu kuanguka kwenye mkeka, na miguu ikasimama yenyewe. Kwao alikuwa amecheza judo tangu ujana. Alikuwa na mkanda mweusi, na wenzake wa klabu walimbatiza jina Winchi kwa jinsi alivyowanyanyua watu.

Akaingia. Wakamkaribisha vizuri, wakamwazima nguo za mazoezi na mkanda mweupe, ule wa wanaoanza. Kocha akamuuliza kama amewahi kucheza. Hapo ndipo shetani alipompitia.

"Kidogo tu," akajibu. "Zamani, utotoni."

Alitaka nini, jamani? Alitaka raha ya kuwashangaza, basi. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, anatafuta kushangiliwa na watu asiowajua hata kwa sura.

Kocha akamkabidhi kwa bwana mmoja mnene aliyemzidi umri, mpaka rangi wa majumba, mwenye rangi nyeupe iliyogoma kutoka kwenye kucha. Wageni wote walikabidhiwa yeye kwa sababu ya subira yake. Akamfundisha Winchi kuanguka, akamfundisha kupiga mkeka kwa kiganja, akarudia bila kuchoka. Winchi naye akajitia hamnazo, anaanguka ovyo makusudi, ndani kwa ndani anacheka.

"Sasa nitupe mimi," mpaka rangi akasema.

Kuna desturi kwenye mkeka ambayo hata Winchi kwao aliifuata. Anayeanza akikutupa, humkazii. Unamwachia mkono na kifua, unalegeza mwili, ili naye aonje utamu wa kumwangusha mtu. Mpaka rangi akalegea kabisa, tena akitabasamu. Winchi akajipinda, akaingia chini yake, akambwaga kwa nguvu zake zote.

Mtupo ulitoka safi, na kwa muda mfupi Winchi aliona fahari. Kisha akamsikia mwenzake akiguna, akaona bega limekaa mahali ambapo bega halikai.

Hakuna aliyemlaumu. Walisema mgeni hajui nguvu zake, mambo hayo hutokea. Mpaka rangi mwenyewe, amekunja uso kwa maumivu, akamwambia asijali, kosa ni lake yeye aliyeanguka vibaya. Maneno hayo yalimkata Winchi maini. Akafungua kinywa aseme ukweli. Kocha akawahi kusema kwamba mgeni huyu ana kipaji cha ajabu, na kinywa kikafungwa tena.

Akaanza kwenda kumjulia hali nyumbani kwake. Kwenye korido ya nyumba ile ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani na ndoo za rangi hazijafunguliwa. Mkono ulikuwa umefungwa kitambaa shingoni, na kazi ya kupaka jengo zima, aliyoingoja kwa muda mrefu, alikuwa amepewa mtu mwingine. Mke wa mpaka rangi alimwita Winchi shemeji, akamshukuru kwa utu wake. Utu! Chai ilimpita kooni kama mchanga. Akatengeneza bomba lao, akatengeneza kitasa, akatengeneza hata kengele ya mlango ambayo haikuwa na ubaya wowote. Kila akienda aliapa kwamba leo atasema, na kila akirudi alijitukana njia nzima.

Mafunzo yakaisha. Alipokwenda kuaga, alikuwa amepiga moyo konde: asiposema leo, hatasema tena. Lakini kabla hajakaa sawasawa, mpaka rangi akatoa kabatini mkanda wa manjano uliopauka.

"Huu ulikuwa wangu wa kwanza baada ya mweupe," akasema. "Nimeongea na kocha, amekubali uwe wako. Vaa nikuone, mdogo wangu."

Winchi akaupokea huku akitafuta pa kuanzia. Mikono haikumngoja. Ikatafuta katikati ya mkanda, ikauzungusha kiunoni, ikaupitisha chini ya mizunguko yote, ikafunga fundo bapa, ikavuta ncha mbili mpaka zikalingana, na yeye wala hakutazama chini.

Mpaka rangi aliangalia lile fundo. Alikuwa amefundisha wageni wengi mno, akijua wanavyohangaika na kitu hicho.

"Kwenu una mkanda gani?" akauliza taratibu.

"Mweusi, kaka."

Mke wa mpaka rangi akaweka birika chini. Winchi alitamani atukanwe, afukuzwe, lolote. Akaanza kuomba radhi, akasema alitaka sifa tu. Mpaka rangi akajishika bega.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ningekaza mwili."

Winchi akaufungua ule mkanda, akaukunja, akauweka mezani. Hakuna aliyemwambia auchukue.