Siku Daktari Alipoandika Nne

Daktari hakuwa daktari wa kitu chochote. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, winga wa timu ya vijana ya raga na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya michezo. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa tabia yake ya kuingia uwanjani na daftari kwapani kama anakwenda kumtibu mtu. Kabla ya mhadhara wa kwanza wa asubuhi alikuwa ameshakimbia, ameshaangushwa na ameshaoga maji ya baridi. Mhadhiri akieleza jinsi misuli inavyochoka, yeye anatikisa kichwa kukubali, kisha anasinzia palepale, mdomo wazi. Ndivyo mpango wa ufadhili wa wachezaji ulivyokuwa: chuo kinakulipia ada, wewe unacheza na unafaulu. Ukishindwa kimoja, vyote viwili vinakwenda.

Chumbani alikaa na mwenzake wa timu, waliyemwita Ukuta. Huyu alikuwa pandikizi la mtu, mchezaji wa mstari wa mbele, pale vijana wanapoinama kwenye skramu na kusukumana bega kwa bega. Lakini usidanganyike na shingo ile. Kwa masomo alikuwa moto wa kuotea mbali. Anasoma ukurasa mara moja, anafunika kitabu, anakumwagia wote, mpaka majina ya mifupa ambayo hata mhadhiri huyachungulia kwenye karatasi. Daktari alikuwa na madaftari nadhifu. Aliyeyaelewa ni Ukuta. Mitihani ikikaribia, jamaa anapanda kitanda cha juu, miguu inaning'inia, anaanza kumfundisha mwenzake kwa matusi ya kirafiki.

"Daktari gani wewe, hata ini hujui liko upande gani?"

Mwanzo wa msimu kocha alimpa Daktari kazi ya kujivunia: kuwapima vichwa wachezaji wote wakiwa wazima. Kipimo chenyewe ni rahisi. Unasomewa maneno kumi, unayarudia. Unataja miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma. Unasimama kwa mguu mmoja, macho umefumba. Matokeo yanaandikwa kwenye fomu, na fomu inawekwa zahanati ya chuo. Mchezaji akigongwa kichwa anapimwa tena, na matokeo ya leo yanalinganishwa na ya siku alipokuwa mzima. Yakiwa yameshuka, anakaa nje wiki tatu, apende asipende.

Sasa, wachezaji wa raga ni watu wa ajabu. Mwambie atavunjika mguu, anacheka. Mwambie atakaa benchi wiki tatu, anakaribia kulia. Basi wakabuni ujanja, wakauita kujiwekea akiba. Siku ya kupimwa ukiwa mzima, jifanye hamnazo. Ukisomewa maneno kumi, rudisha matano. Yumba kidogo. Ili siku utakapogongwa kweli, usionekane umeshuka. Na nani aliyewaeleza jinsi fomu zile zinavyolinganishwa? Daktari mwenyewe, kwa kupenda kuonyesha elimu.

Zamu ya Ukuta ilipofika alisikiliza ametoa macho, akarudisha maneno manne, kisha akakuna kisogo.

"Mengine yamepotea njiani, Daktari."

Waliokuwa kwenye foleni wakavunjika mbavu. Daktari naye alicheka. Alijua, tena vizuri sana, kwamba yule angeweza kuyataja yote huku anafunga kamba za viatu. Akaandika nne. Akatia sahihi.

Mwezi wa pili wa msimu, mazoezini, goti la mwenzake lilimpata Ukuta juu ya sikio. Aliinuka, akajipangusa majani, akasema yuko sawa. Kesho yake Daktari alimpima mbele ya kocha. Maneno matano. Ukuta aliyatafuta kwa shida, jasho likimtoka, na safari hii hakuwa anaigiza. Daktari aliliona hilo.

"Vipi?" kocha akauliza. Jumamosi ilikuwa nusu fainali.

Ukuta alimtazama rafiki yake, akamkonyeza.

"Amepita, kocha," Daktari akasema. "Amezidi hata mara ya kwanza."

Jumamosi, dakika ya kumi na saba, Ukuta alimkaba mtu mdogo tu, kwa namna aliyokuwa akikaba kila siku. Akaanguka, hakuinuka. Alizinduka baada ya siku mbili. Watu wakamshukuru Mungu, na ilikuwa haki yao kushukuru. Lakini mwanga ulimuumiza. Alianza sentensi, ikamkatikia katikati, akakutazama kama wewe ndiye uliyeichukua. Akipewa kitabu alikigeuzageuza, kisha akakurudishia kwa upole. Upole ule ndio uliomkata Daktari maini.

Kwa miezi mitatu Ukuta alikaa nyumbani kwa mama yake, mshonaji wa sare za shule, katika chumba kilichofungwa mapazia mchana kutwa. Daktari alimpelekea madaftari kila Ijumaa. Kila Ijumaa alipiga moyo konde kwamba leo atasema, na kila Ijumaa akaishia kuuliza hali. Aliaga, akaenda zake, akajichukia njia nzima.

Ijumaa moja alimkuta mama ameacha kushona, ameshika karatasi ya zahanati. Jana yake alikuwa amempeleka mwanawe akapimwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja, wewe msomi. Hebu nisomee hii, maana naisoma haiingii."

Daktari akasoma. Maneno manne kati ya kumi, sawa na kiwango chake cha kawaida. Amepona. Anaruhusiwa kurudi darasani na uwanjani kuanzia Jumatatu.

"Wanasema ndivyo alivyokuwa tangu zamani," mama akasema. "Juzi nimemtuma uzi mweusi, karudi na sabuni. Kaniuliza jina la dada yake. Nikawaambia huyu siye, wakaniambatishia nakala ya fomu ya mwanzo wa msimu, hii hapa, namba ipo, sahihi ipo. Sasa najiuliza, labda ni mimi. Labda mzazi unampenda mtoto mpaka unamwona ana akili ambazo hana." Akacheka kidogo, kicheko cha aibu. "Niambie wewe uliyekaa naye. Mwanangu alikuwa hivi?"

Daktari aliitazama sahihi, na ilikuwa yake. Akisema, fomu ni ya uongo, na wote wawili wanatemwa na mpango. Akinyamaza, Jumatatu rafiki yake anainamisha kichwa kile kwenye skramu.

"Hapana, mama. Alijifanya hajui ili asije akawekwa benchi. Tulijifanya wengi, na mimi ndiye niliyeandika."

Akamweleza yote: akiba, kicheko cha kwenye foleni, lile jicho alilokonyezwa. Alimwambia pia kwamba kocha atayasikia hayohayo kesho. Hakulia, maana aliona hana haki ya kulia katika nyumba ile. Alisubiri kofi, au laana, au aonyeshwe mlango.

Mama aliitazama tena ile namba kwenye karatasi.

"Kwa hiyo siku ile angeweza kuyasema yote kumi?"

"Yote, mama. Yeye ndiye aliyekuwa ananifundisha mimi."

Uso wa mama ukafunguka. Ilikuwa furaha, furaha kabisa, hata Daktari akashindwa aweke wapi macho.

"Nilijua," mama akasema. "Nilijua mwanangu ana akili. Sikukosea mimi."

Alianza kuikunja karatasi, mkunjo wa kwanza, wa pili, kisha mikono ikasimama. Akageuka kuutazama mlango wa chumba cha mapazia.

"Basi hajapona," akasema.