Kunde za Kupeleka Somalia

Harufu ya maganda makavu ya kunde yakipigwa kwa fimbo jua likiwa utosini inakwaruza koo. Mimi nikiinusa hadi leo napiga chafya kwanza, halafu namkumbuka Halima. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, niko darasa la tano, na kwetu ni karibu na Kiboko, kwenye mashamba makavu ya kando ya barabara ya Mombasa. Somalia ilikuwa vitani. Sisi watoto tuliijua vita hiyo kwa redio ya baba tu, mpaka nchi jirani zilipokubaliana kuwasaidia watu waliokuwa wakirudi makwao kando ya mto Juba. Nchi moja ilitoa majembe, nyingine dawa za mifugo, na sisi tukaombwa mbegu za kunde zinazoiva upesi. Kazi ya kuzizalisha ilipewa mwethya wa mama, yaani akina mama kumi na wawili waliolimiana mashamba kwa zamu. Pamoja na mbegu za kuanzia, kutoka kituo cha utafiti, tukaletewa mgeni.

Mgeni mwenyewe ndiye Halima, afisa wa kilimo kutoka huko huko Juba. Alipewa chumba changu, nami nikabanwa kitanda kimoja na dada yangu anayepiga mateke usingizini. Nilinung'unika wee! Lakini haikuchukua wiki nikawa mkia wake. Kiswahili chake kilikuwa kitamu, nasi Wakamba tukizibomoa ngeli mbele yake bila haya. Alipotandika mkeka kusali, mama, mtu wa kanisa kabisa, aliwafukuza kuku wasimpitie mbele. Tukipiga kunde alitusimulia kwamba wazee wa koo mbili za kwao walikuwa wameketi wakapatana, na vijana wameweka silaha chini. "Lakini wamekaa bure," alisema. "Msimu huu wasipopanda, watazirudia bunduki. Na mdogo wangu Abdi yumo." Lori lilikuwa liondoke Ijumaa saa sita, ili mbegu zifike kabla ya mvua.

Sasa, kwetu mtu akiunguliwa nyumba, au akianza boma jipya, kila jirani humletea kiganja cha mbegu kutoka kibuyu chake mwenyewe. Huombwi, unajua tu. Jumanne mchana, Halima akiwa ameenda kupeleka ripoti yake, akina mama wakaja mmoja mmoja wakifungua pindo za leso: kunde nyekundu, nyeusi, za kahawia, zenye madoa. Mama akazipokea, akazichanganya na zile za kupeleka Somalia, gunia kwa gunia, akashona. Hata mimi nilitia changu, tena viganja viwili, maana nilishampenda.

Jumatano akaja mkaguzi wa mbegu. Akafungua gunia, akazamisha mkono, akatoa kunde za rangi nne. "Mama, nani ameharibu hii mbegu?"

"Haijaharibika," mama akajibu kwa fahari. "Hizo ni zetu. Ni nzuri sana!"

Bwana yule hakuwa mbaya. Alieleza polepole kwamba kunde zetu huchelewa kuiva, na huko mvua ni fupi. Atakayepanda mchanganyiko ule atavuna nusu shamba. Hawezi kutia sahihi. Halima aliposikia alikaa juu ya gunia akalia mbele yetu sote, akiita jina la Abdi. Lo, aibu iliyotushika!

Mama akamwaga gunia la kwanza kwenye mkeka. Hakuna aliyeambiwa, wote kumi na wawili walipiga magoti wakaanza kuchambua, punje kwa punje. Nyekundu na nyeusi zilikuwa rahisi. Taabu ilikuwa za kahawia, zilizofanana na za utafiti isipokuwa jicho, kile kidoa cha ubavuni mwa punje, na kwa kazi hiyo macho ya watoto ndiyo yaliyohitajika. Mama alikwenda mwenyewe kwa mwalimu kutuombea ruhusa. Magoti yaliota sugu. Mama Mwende, ambaye mdomo wake haupumziki, akasema hata mumewe hajamtazama kwa makini hivyo alipomchumbia, na Halima akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Ijumaa saa nne mkaguzi alizamisha mkono katika kila gunia, akatazama, akatoa kalamu.

Halima aliondoka na lori, na barua yake ilikuja moja tu. Kunde zilikuwa zimeota, na Abdi alikuwa akishinda shambani kufukuza ndege. Mama aliniamuru niisome mara tatu. Baadaye redio ikasema mapigano yamerudi upande ule, na barua nyingine haikuja.

Siku hizi kazi yangu hunipeleka kwenye mikutano Nairobi, kwenye hoteli zenye baridi ya kukausha midomo, ambako ushirikiano wa kanda hujadiliwa siku tatu. Sidharau; hata magunia yetu yasingevuka mpaka bila serikali kukubaliana. Ila naukosa ule mkeka, na wale watu waliokosea kwa sababu ya kupenda mno. Mama sasa ni mzee, macho yamefifia. Taarifa ya habari ikitaja Somalia hutunyamazisha sote, kisha ananigeukia: "Wamesema kama mvua imenyesha?"

Hawajawahi kusema. Nami humjibu, imenyesha, mama, imenyesha vizuri.