Bogenvilia Nje ya Dirisha la Mke Wangu

Niliikata siku ya Alhamisi, kwa sababu Jumamosi jumuiya ya kanisa ilikuwa inakuja kwetu kumwombea mke wangu. Hakuna sababu nyingine, na sitaitafuta.

Aliipanda mwenyewe, zamani, nje ya dirisha la chumba chetu. Mchwa waliila mizizi, kiangazi kikamalizia. Ilisimama miaka miwili imekauka, rangi ya majivu, matawi na miiba vimesokotana hata mkono haupiti. Huku kwetu Kathiani mgeni akitarajiwa, uwanja hufagiliwa mpaka mistari ya ufagio ionekane kwenye udongo. Mwenye kichaka kikavu ukutani huonekana mvivu, au mtu ambaye nyumba yake imeanza kufa. Niliogopa hilo la pili.

Mke wangu alipigwa na kiharusi tulipokuwa tunamaliza kuvuna mbaazi. Upande wa kulia ukalegea, maneno yakapotea. Mwanangu anafanya kazi Mavoko na huja mwisho wa mwezi, kwa hiyo anayemhudumia mama ni mke wake. Sisi Wakamba tuna nthoni, ile heshima ya wakwe: mimi na mke wa mwanangu hatukai chumba kimoja kupiga gumzo, hatutazamani machoni, na yeye hawezi kunikataza jambo. Kila alipoingia kumwosha mgonjwa au kumlisha, mimi nilitoka. Asubuhi zote zilikuwa zao. Mimi nilirudi jioni, dirisha limeshafungwa, nikamwuliza mke wangu kama amekula, akafumba macho kumaanisha ndiyo, basi. Ningeweza kumtuma mtu aniulizie siku zao zinapitaje. Miezi minane sikumtuma mtu.

Alhamisi hiyo nilianza na panga. Sikuwa nimefika mbali niliposikia kikombe cha bati kikigongwa kwenye vyuma vya dirisha. Mke wangu alikuwa ameegemezwa kwenye mito, anagonga kwa mkono wa kushoto, mdomo wazi. Nilidhani amefurahi kuona naitengeneza nyumba yake. Nikampungia mkono.

"Unaona, mama? Bado niko na nguvu!"

Akagonga zaidi. Nami nikakata kwa bidii zaidi, kama kijana anayetazamwa.

Mke wa mwanangu alitoka jikoni, akasimama mbali, macho chini.

"Baba, hiyo bogenvilia..."

"Iko na nini?"

Alikunja ncha ya leso yake, akaikunjua.

"Hapana, Baba. Chai iko tayari."

Nilikunywa chai, nikarudi na mtaimbo, nikang'oa kisiki. Ilipofika alasiri ukuta ulikuwa mtupu. Matawi niliyakatakata, nikayapeleka jikoni yawe kuni.

Ijumaa nilipokuwa nafagia, shomoro walikuja, na chiriku, na tetere wawili. Walizunguka pale hewani, wakashuka chini kwenye makapi ya muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, yaliyokuwa yametapakaa. Mwewe akapita chini chini kando ya ukuta, akamnyakua mmoja. Waliobaki hawakuwa na pa kujificha. Walitawanyika wakapotelea ng'ambo ya shamba. Niliona yote hayo, nikaendelea kufagia.

Jumamosi akina mama wa jumuiya walijaa uwanjani.

"Aiya! Boma limeng'aa kama la bwana harusi," alisema mwenyekiti wao, mama mnene anayependa utani. "Mzee, unaoa tena na hujatualika?"

"Nani atanikubali na meno haya?"

"Meno si neno. Sisi tuliangalia uwanja!"

Wakacheka, nami nikacheka nao. Chai yao na muthokoi wao vilipikwa kwa kuni za bogenvilia. Zinawaka vizuri, walisema, hazina moshi. Walipoingia kuimba, mke wangu alikuwa amegeuza uso ukutani. "Mwaitu amechoka," mwenyekiti alininong'oneza, kwa lile neno letu la kumwita mama kwa heshima. Nikakubali kwamba amechoka.

Jumapili binti yetu alikuja kutoka Wamunyu alikoolewa. Alikaa na wifi yake jikoni, kisha akanifuata chini ya banda la mbuzi. Ni yeye tu ambaye angeweza kuniambia, na hakunizungusha.

"Baba, ulikuwa unajua mama ameanza kuongea?"

Nilimwambia asinitanie na jambo hilo.

"Wiki tatu sasa. Wifi alikuwa anawamwagia ndege makapi chini ya bogenvilia kila asubuhi. Mwewe akija wanaingia ndani ya miiba, akiondoka wanatoka. Mama alikuwa anawatazama mpaka saa sita. Siku moja akasema 'nyunyi'. Ndege. Neno zima, Baba! Halafu akaanza kuwaambia wajifiche. Yeye na wifi walikuwa wanangoja apate maneno zaidi ndiyo wakuonyeshe, ufurahi."

"Kwa nini wifi yako hakuniambia nisikate?"

"Angekuambia vipi? Wewe ni mkwe wake."

Nilitaka kukasirika na nthoni, na mchwa, na jumuiya. Lakini mke wangu alinigongea kikombe mbele ya macho yangu. Hakuna nthoni kati ya mtu na mke wake.

Jumatatu nilikwenda kuomba matawi ya miiba kwa jirani anayepunguza ua wake. Niliyasimika pale pale, nikayafunga kwa waya, nikamwaga makapi mimi mwenyewe. Ndege hawakuja. Siku ya nne alikuja shomoro mmoja, akakaa juu ya waya kidogo, akaenda zake. Sasa mimi ndiye ninayekaa kitandani asubuhi, na mke wa mwanangu anangoja nje mpaka nitoke. Namwambia mke wangu, "Sema nyunyi. Sema hata kwamba mimi ni mjinga." Ananitazama. Mdomo unatikisika upande mmoja, halafu unatulia. Daktari wa Machakos alisema maneno yakirudi nyuma huenda yasije tena, nisijipe matumaini makubwa.

Juzi aliinua mkono wa kushoto, akaonyesha kidole dirishani. Niliinama kutazama nje: hapakuwa na kitu, ni ile miiba yangu na waya wake. Nilipomgeukia, kidole kilikuwa kimehama, kinaonyesha ukuta wa pili. Dirisha, kisha ukuta. Alirudia mara tatu kabla sijaelewa kwamba anataka kugeuziwa ukuta.

Nikaita watu wanisaidie, kitanda ni kizito. Kisha nikabadilisha mawazo, nikawaambia warudi, nikakivuta peke yangu, mguu mmoja baada ya mwingine, mpaka akalala ameupa mwanga mgongo.