Mawe Kumi na Mawili ya Lusweti

Mimi ndiye niliyembandika Lusweti jina la Mpishi wa Choo, na jina likamganda mtaa wetu wote wa Kongo mpaka watoto wa nasari wakaliimba. Nalisema mapema kwa sababu hapa Kawangware watu wana midomo, na afadhali ulisikie kwangu. Naitwa Nduku, Mama Kaveke, yule wa chapati karibu na hardware. Ukiniona utanijua. Siingii kwenye kioski bila kugeuka ubavu, na sijawahi kumwomba mtu msamaha kwa hilo.

Lusweti alikuwa mtunza choo. Mwanamume mwembamba, shati lake moja la kijani, sauti ya chini utadhani anaogopa kuamsha mtoto. Ujana wake alikamua ng'ombe kwenye shamba la mtu huko Kitale, na huko alikuwa ameona samadi ya ng'ombe ikiwapikia wafanyakazi uji. Kwa hivyo Gathoni, mwenye plot yetu ya vyumba vya kupanga, alipompa kazi ya kutunza vyoo vinne, Lusweti hakuona vyoo. Aliona zizi.

"Mama Kaveke," aliniambia, "hapa watu mia mbili wanaingia kila siku. Unajua hiyo ni ng'ombe ngapi?"

Nikamwambia ng'ombe ni yeye.

Hakukasirika. Huyo mtu alikuwa hakasiriki, na hilo ndilo lililokuwa likinikera zaidi. Alichimba shimo la duara nyuma ya vyoo, akalijenga kwa matofali, akaelekeza uchafu wote humo. Kisha akaenda kwa mafundi wa kuchomelea pale stendi ya 56, akarudi na watu sita wamebeba tangi la chuma lisilo na mfuniko. Wakalipindua juu ya shimo, mdomo chini, likaelea juu ya ule uchafu. Katikati alisimamisha bomba la chuma ili tangi lipande na kushuka hapo bila kuhama. Mwisho akavuta paipu nyembamba kutoka kwenye tangi mpaka kwenye jiko dogo ukutani.

Wiki ya tatu tangi likapanda. Nililiona kwa macho haya mawili. Asubuhi lilikuwa chini, jioni limeinuka kiasi cha mkono mzima, na hakuna aliyeligusa. Lusweti akaleta mawe ya ujenzi, yale ya kuchongwa, akayapanga juu yake moja moja mpaka yakafika kumi na mawili. Likayabeba yote, na kesho yake likawa limepanda tena. Nilifanya ishara ya msalaba, na mimi hata si Mkatoliki.

"Kwani nini iko huko chini inasukuma?" nilimuuliza. Nilikuwa nimeshangaa kweli kweli, ila sikutaka ajue.

"Gesi tu. Uchafu ukioza unaitoa, na ikikosa pa kwenda inapandisha tangi." Akagonga jiwe kwa kidole. "Sasa hii jiwe imepandishwa polepole usiku na mchana. Hiyo nguvu ya kuipandisha haijapotea, iko hapo juu inangoja. Nikifungua mfereji ya paipu, jiwe inashuka, inasukuma gesi mpaka kwa jiko. Moto ni wa gesi. Jiwe kazi yake ni kusukuma."

"Na gesi ikiisha?"

"Makaa ndiyo huisha, mama. Jua inapiga sukuma wiki, wewe unakula sukuma, kesho unakuja hapa. Kesho kutwa pia utakuja. Hii moto ukiangalia vizuri ni jua ya juzi."

Akawasha. Moto ulikuwa wa bluu, umesimama wima, hauna hata chembe ya moshi. Ulikuwa mzuri. Na mimi, badala ya kusema hivyo, nikageuka kwa wateja wangu nikatangaza kwamba anayetaka chai ya choo jirani yangu amefungua hoteli. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chapati. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweka sufuria kwenye lile jiko ila Lusweti mwenyewe, ugali wake na maharagwe, peke yake, mwaka mzima. Mimi hata chooni kwake nilikataa kuingia. Nilikuwa navuka barabara mpaka plot nyingine. Yaani hata haja yangu nilimnyima.

Basi ikaja ile Desemba ya kura.

Binti yangu Kaveke anaishi Kibera. Aliniletea mtoto wake, Wanza, mwaka mmoja na nusu, akae nami Krismasi tu. Matokeo yakatangazwa jioni ya Jumapili, na kabla ya giza barabara zilikuwa zimefungwa, Kaveke yuko huko, mimi na Wanza tuko huku. Vijana waliingia kwenye plot wakitafuta chochote cha kuziba njia. Wakayaona mawe ya Lusweti. Aliwasihi, aliwashika mikono mmoja mmoja.

"Buda, hizi ni mawe tu," mmoja akamwambia, akaondoka na moja begani.

Yalikwenda yote kumi na mawili, na nasema ukweli, nilitazama nikiwa mlangoni kwangu na sikufungua mdomo. Mimi, mwenye mdomo.

Siku ya tatu makaa yalikuwa yameisha. Malori hayaingii, duka la mafuta ya taa limefungwa. Nilichoma benchi la wateja, nikachoma ubao wa kusukumia chapati. Halafu hata kuni zikawa hatari. Jirani alichoma kiatu cha zamani achemshe chai, moshi ukapanda juu ya mabati, mtu akapiga kelele "Wamechoma nyumba!" na watu wakakanyagana kwenye kichochoro. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuwasha kitu cha kutoa moshi. Tukawa tunakunywa maji ya kisima cha karibu na mto hivyo hivyo, bila kuchemsha.

Siku ya nne Wanza akaanza kuhara na kutapika. Kufika adhuhuri macho yalikuwa yameingia ndani. Alilia, na shavu likabaki kavu. Mama yeyote anajua maana ya mtoto kulia bila machozi. Hakuwa amekojoa tangu alfajiri. Zahanati imefungwa, na hata ingefunguliwa ningepita wapi? Kaveke, niliyemwarifu asubuhi, alinipigia simu kwa kredo yake ya mwisho, sauti imekauka: "Mama, nesi wa huku anasema sukari na chumvi kwa maji. Lakini chemsha. Chemsha kwanza, ma—" Simu ikakatika.

Nilimfunga Wanza mgongoni, nikachukua sufuria yenye maji, nikatembea zile hatua ishirini mpaka kwa Lusweti. Ni hatua ndefu kuliko safari yangu ya Machakos hadi Nairobi.

"Karibu, Mama Kaveke," akasema. Basi. Afadhali angenitukana.

Alipomwona mtoto alifungua mfereji, akawasha kiberiti. Moto ukatokea kidogo, ukacheza, ukalala. Nilipoweka sufuria ukazimika. Akawasha tena, ukazimika tena.

"Gesi imeisha?" nikauliza.

"Gesi iko, angalia tangi ilivyo juu. Mwaka mzima nani amepika?" Hakusema kwa ubaya. "Kusukumwa ndiyo hakuna. Mawe iko barabarani."

Alikanyaga kreti ya soda, akapanda juu ya tangi mwenyewe, akakaa. Moto ukainuka kimo cha ukucha. Lusweti pamoja na gambuti zake hafiki kilo hamsini na tano. Akaniangalia. Akaangalia chini. Akaniangalia tena.

"Mama, sijui nikuambie vipi..."

"Usiniambie," nikasema. "Shuka. Shika mtoto."

Nilipanda. Nilipoketi tangi likainama upande wangu, chuma kikasaga kwenye bomba, kila kitu kikakwama. Moto ukaruka mara moja, ukafa.

"Inataka uzito pande zote mbili," Lusweti akasema. "Inataka mtu kama... inataka mwingine kama wewe."

Katika plot nzima mwingine kama mimi ni mmoja. Gathoni alikuwa amejifungia ndani tangu Jumapili. Watu walikuwa wanasema maneno juu ya watu wa kabila lake, na mimi nilikuwa sijabisha kwake siku nne, na si kwamba nilikuwa nimesahau. Niliogopa kuonekana. Nimekula kwake, nimemzalishia binti yake chumbani mle, na niliogopa kuonekana nikigonga mlango wake! Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Nilimwita nikiwa juu ya tangi, kwa sauti yangu yote, kila mtu asikie. "Gathoni! Gathoni wee! Toka, nakuhitaji!"

Kitasa kikalia. Akachungulia. Akaona mimi nimekaa juu ya tangi la choo, Lusweti amebeba mtoto, shingo ya mtoto imelegea. Akatoka na leso yake, miguu mitupu, akakanyaga kreti, akaketi upande wa pili nilikomwonyesha. Tukapeana migongo, bomba katikati yetu.

Tangi likajinyoosha. Nililisikia chini yangu likianza kushuka, taratibu sana, kama mtu mzima anayejishusha kwenye kiti. Na pale ukutani moto ukasimama. Bluu, wima, unavuma. Woi! Hakuna kilichokuwa kimetushika hapo juu, ni hewa. Wanawake wawili wa kilo zetu, tumekalia pumzi ya uchafu wa watu mia mbili, wa kila nyumba, wa waliokuwa wakisalimiana na wa walioacha, na kule chini haikuwepo hata njia ya kujua upi ni wa nani. Nimeenda kanisani miaka arobaini na sijawahi kunyamaza hivyo.

"Nduku," Gathoni akasema nyuma yangu, "unasukuma?"

"Nimekaa tu."

"Na mimi nimekaa tu."

Mgongo wake ukaanza kutikisika. Kama alikuwa anacheka au analia sikujua, na sikugeuka, kwa sababu tungelizungusha tangi. Wangu nao ulikuwa unatikisika.

Maji yalichemka. Povu kubwa, la kweli, mfuniko ukigonga. Lusweti aliyaacha yatokote, akapoza sufuria ndani ya beseni la mchanga, akapima lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari yake, nusu kijiko cha chumvi, vile zahanati hufundisha. Tulishuka, nikamchukua Wanza. Kijiko kimoja, ngoja. Kijiko kingine, ngoja. Akatapika. Tukaanza upya. Gathoni alishika kikombe, mimi kijiko. Maji yalipopungua tulipanda tena, na mara hii kulikuwa na watu wamepanga foleni na sufuria zao, na hakuna aliyetaja choo.

Saa kumi na moja jioni nilimkalisha Wanza kwenye kikopo chake cha kukojolea. Alilia, na chozi moja likatoka. Kisha nikasikia ule mlio mdogo kwenye plastiki.

Mkojo wenyewe ulikuwa kidogo, mweusi mweusi, kama chai ya rangi. Nikampa Gathoni mtoto, nikakishika kikopo kwa mikono miwili, nikapita katikati ya ile foleni nzima. Lusweti alikuwa amesimama mlangoni mwa choo chake na ufagio. Akanipisha. Niliingia humo kwa mara ya kwanza tangu awashe ule moto, nikamwaga taratibu, hadi tone la mwisho.

"Lusweti," nikamwambia, "hiyo ni ya kwetu. Ongeza."